Mzambarau wangu wa Chanika

Nilipohamia Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, mwaka 2008, kiwanja changu hakikuwa na mti hata mmoja. Aliyeniuzia alikuwa amekifyeka chote ili kionekane kikubwa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na baraza, na kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo kutwa nzima nipo barazani. Ikifika Januari saa nane mchana, bati linatoa joto kama jiko, kitambaa kinanata mkononi, na mteja akija kupima anatamani aondoke kabla sijamaliza kiuno. Kivuli kwangu kilikuwa sehemu ya vifaa vya kazi, sawa na mkasi.

Mama yangu, ambaye amekulia Tanga, aliposikia nalalamika hakunipa orodha ya miti. Alisema, "Panda mzambarau, mwanangu. Haupukutiki wote kiangazi, na watoto watakula." Nikakubali. Mji wetu huu wenyewe umejaa majina ya miti: Mwembechai, Mkwajuni, Mikocheni, na kwenye njia yangu ya kurudi nyumbani kila siku, Ukonga Mzambarauni. Ukiona watu wameipa sehemu jina la mti, ujue mti huo uliwahi kuwafaa kwa kivuli, kwa kula, au kwa kuelekezana tu.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata mti haujawa mti. Nilinunua mafungu mawili ya zambarau Gongo la Mboto, watoto wakala, mbegu nikazikusanya. Nikazianika juani siku tano, nikazitia kwenye kopo la maziwa, nikasubiri masika, kama ambavyo mtu angefanya na kunde au mahindi. Mvua zilipoanza nikapanda mbegu zaidi ya 30. Haikuota hata moja. Nilichimbua chache nikazikuta zimekuwa nyeusi ndani, nyepesi kama kokwa lililotafunwa.

Mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara ndiye aliyenieleza, na maelezo yake sijayasahau. Mbegu ya zambarau haitaki kukauka. Ina unyevu ndani, na unyevu huo ndio uhai wake, ukiianika umeiua. Hata ukiiweka kivulini, baada ya wiki mbili hivi nguvu yake imeshapungua sana. Zambarau huliwa leo na mbegu yake hupandwa leo au kesho.

Msimu uliofuata, Januari 2009, nilifanya hivyo. Mbegu zilitoka mdomoni mwa watoto zikaingia kwenye beseni la maji, nikazisugua nyama yote ikatoka, na jioni ileile zikawa kwenye viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche. Udongo nilichanganya wa juu, mchanga kidogo, na samadi iliyooza vizuri. Mbegu nililaza ubavu, nikaifukia kiasi cha unene wa kidole, viriba nikaviweka chini ya kuti ili jua lisivichome. Katika wiki ya tatu vikaanza kuchomoza. Kwenye kiriba kimoja niliona machipukizi mawili, kwenye kingine matatu, na nilikuwa na hakika kwamba nimeweka mbegu mojamoja. Nikadhani mtoto amenichezea. Kumbe ndivyo mbegu hiyo ilivyo, moja inaweza kubeba miche kadhaa. Ulibakize chipukizi lenye shina nene, mengine uyakate kwa kucha chini kabisa. Ukiyang'oa unaitikisa mizizi ya lile unalolitaka.

Mche bora niliuacha kwenye kiriba mwaka mzima, nikiuhamishia kiriba kikubwa zaidi katikati ya safari. Masika ya 2010, ulipofika juu ya goti langu, nikauingiza ardhini. Shimo lilikuwa futi mbili kila upande, udongo wa juu umewekwa pembeni peke yake, debe moja la samadi limechanganywa nao na kurudishwa chini kwanza. Hayo yote niliyafanya sawasawa. Nilipokosea ni mahali. Nilisimama barazani, nikafikiria kivuli kitakavyoangukia meza yangu, nikahesabu hatua nne kutoka kwenye ukuta, nikachimba. Mti huu unaweza kwenda juu mita 20 na zaidi, na matawi yake hutanuka kama unavyoona kwenye mizambarau ya zamani. Mimi nilikuwa nautazama mche wa goti, nikaupimia nafasi ya mche wa goti. Kila tatizo nitakaloeleza huko mbele lina mzizi wake katika hatua zile nne.

Miaka miwili ya mwanzo kazi ilikuwa kuulinda. Januari na Februari huku kwetu ni miezi mikavu, jua halina huruma, na mche ambao mizizi yake bado iko juu unaweza kuondoka kwa wiki moja ya uzembe. Nilikuwa naupa nusu ndoo kila baada ya siku tatu, jioni, polepole. Nikagundua kwamba maji ya kumwaga kwa pamoja yanakimbilia pembeni, kwa hiyo nikachukua chupa ya lita moja na nusu, nikaitoboa kitobo cha sindano ya cherehani karibu na chini, nikaichimbia kando ya mche. Maji yakawa yanadondoka taratibu usiku kucha, na ndoo moja ikawa inafanya kazi ya ndoo mbili.

Kulikuwa na kipindi cha ukame maji ya bomba hayakuonekana wiki kadhaa, nikawa natumia ya kisima cha jirani, ambayo yana chumvi kidogo. Baada ya muda ncha za majani zikawa kahawia, kama zimeunguzwa na pasi. Nikaongeza maji nikidhani una kiu, na ncha zikazidi kuungua. Nilichokuwa naongeza ni chumvi. Mvua za Machi zilipokuja zikaiosha chumvi chini ya mizizi, majani mapya yakatoka safi. Tangu hapo mwenye mche na maji ya kisima cha chumvi namwambia awe na pipa la mvua kwa ajili ya mche tu, hata kama pipa ni dogo.

Matandazo pia yalinifundisha. Niliweka nyasi kavu kuzunguka shina ili udongo usikauke, nikazisogeza hadi zikagusa gome. Mchwa wakapanda humo kama wamepewa ngazi. Nyasi ziache shina peupe kwa upana wa kiganja. Na mbuzi, kwa yeyote anayeishi pembezoni mwa mji, hawahitaji maelezo: fito nne na kipande cha chandarua cha zamani viliniokoa.

Kuanzia 2012 hadi 2017 sikuufanyia mengi. Ulikua wenyewe, na kwa kasi. Nikapata kivuli changu. Nilisogeza cherehani mara tatu kuufuata, wateja wakawa wanakaa hata wakishapimwa. Nikisugua jani lake kiganjani lilinipa harufu ya kunikumbusha karafuu kwa mbali, na ni haki yake, maana mkarafuu na mzambarau ni ndugu wa karibu, na mpera ni wa ukoo huohuo. Wote wawili hawa, mkarafuu na mzambarau, walivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia kuja pwani yetu. Leo zambarau ni yetu kiasi kwamba rangi nzima tumeipa jina lake.

Mwaka 2016 sakafu ya baraza ilipasuka ufa mrefu, kutoka kona ya mlango hadi ngazi. Fundi wa ujenzi alichimba, akakuta mzizi mnene kama mkono wangu umeingia chini ya zege. Hatua nne.

Maua ya kwanza yalikuja 2018, miaka tisa tangu mbegu iingie kiribani. Waliobebesha miche yao, yaani kuiunganisha na kijiti cha mti unaozaa, hupata matunda mapema zaidi, lakini wa mbegu huu ndio mwendo wake, na nisingependa mtu aukate mwaka wa saba akidhani ni dume. Maua hayakuwa kwenye ncha nilikokuwa nayatafuta. Yalitoka kwenye vitawi vya zamani, nyuma ya majani, meupe, madogo, yenye nyuzinyuzi, na nyuki wakajaa hadi mti ukawa unavuma asubuhi nzima. Jirani alinishauri nipulizie dawa kwa sababu ya nyuki. Nilikataa na bado nakataa. Bila nyuki wale zambarau zingekuwa chache, na wao wakiwa kwenye maua hawana habari na mtu anayeshona chini.

Mwishoni mwa Desemba zikaanza kubadilika, kijani, kisha waridi, kisha nyekundu ya damu, kisha nyeusi inayong'aa. Nyekundu usiile, utakunja uso kwa ukakasi hadi kesho. Nyeusi iliyoanguka yenyewe ndiyo tamu. Mama alinionyesha namna ya kwao: unazitia kwenye bakuli na chumvi kidogo, unafunika na sahani, unatikisa kwa nguvu mpaka ngozi ilegee na maji yatoke. Ulimi bado unakuwa zambarau, lakini ule ukavu wa kooni unapungua sana.

Msimu huohuo wa kwanza nilipata hasara. Nilikuwa nimemaliza gauni jeupe la komunyo ya kwanza la mtoto wa mteja, nikalitundika barazani lipate upepo. Usiku popo walikuja. Huku kwetu, karibu na msitu wa Pugu, popo hawakosekani. Wanachuma tunda, wanaling'ata wakiruka, wanadondosha popote. Asubuhi gauni lilikuwa na madoa manne kifuani. Nikakimbilia sabuni. Madoa yakageuka samawati mbele ya macho yangu na yakakaa. Nilinunua kitambaa kingine kwa fedha yangu, nikashona usiku mbili, na yule mama alilipokea gauni bila kujua.

Kwa kazi yangu sikuweza kuliacha jambo hilo bila kulielewa. Nikajaribu kwenye vipande vya kitambaa. Rangi ya zambarau ikikutana na sabuni au majivu hugeuka samawati na kung'ang'ania. Ikikutana na kitu kichachu hurudi nyekundu na kulegea. Kwa hiyo doa likiwa bichi, usiguse sabuni. Maji baridi kwanza, kwa nyuma ya kitambaa ili yalisukume doa litoke lilikotokea. Kisha ndimu na chumvi, uache nusu saa juani, usuuze, urudie. Sabuni ije mwisho kabisa. Kwa pamba nyeupe njia hiyo imeniokoa mara nyingi, lakini kwa nguo ya rangi jaribu kwanza pindoni, maana ndimu na jua vinaweza kuipausha. Na tangu mwaka ule, Desemba hadi Februari, nguo ya mteja hailali nje.

Nisingependa kuandika sehemu hii inayofuata, lakini bila yake nitakuwa nimeeleza uzuri tu.

Januari 2020, siku ya Jumamosi, nilikuwa ndani natafuta vifungo. Mtoto wa jirani yangu, wa miaka tisa, alipanda mti kufuata kichala kilichokuwa juu ya bati. Nilisikia mlio mkavu, kisha kitu kikigonga bati, kisha kimya. Nilipotoka alikuwa chini ya ngazi, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo. Hakuwa analia. Tulimfunga mkono na mtandio na ubao wangu wa kukatia, tukampeleka hospitali kwa bajaji, mama yake nyuma yangu akisoma dua njia nzima. Alivunjika mifupa yote miwili chini ya kiwiko. Alipona baada ya miezi, lakini ukimtazama vizuri akinyoosha mkono utaona.

Tawi lile lilikuwa nene kama paja langu. Nililikagua baadaye: halikuwa limeoza, halikuwa na mchwa. Ndivyo mzambarau ulivyo. Kuna miti hupinda na kukuonya. Mzambarau hukatika ghafla, na mtoto anaona unene tu, anadhani unene ni nguvu. Sikuwa nimelijua hilo, na kwa kuwa mti ni wangu, nilipaswa kulijua.

Mama wa mtoto alitaka mti ukatwe. Alikuja na mume wake, wakasimama uani, akaniambia, "Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na huo mti." Tukaenda kwa mjumbe. Mjumbe akasikiliza pande zote, akaniuliza mimi kwanza ninataka nini. Nilisema nitagharamia matibabu yote, na mti naomba niupunguze, si kuuangusha, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mguu wa mtoto utakaogusa shina lake. Walikubali shingo upande. Hadi leo jirani yangu tunasalimiana, tunapelekeana futari, lakini hali zambarau za mti ule, na bakuli nikimpelekea anapokea na kuwapa wengine. Sijawahi kumuuliza. Ni haki yake.

Kazi yangu ikageuka. Miaka kumi nilikuwa nikiulinda mti dhidi ya jua, mbuzi na mchwa. Sasa nalinda watu dhidi ya mti. Jambo la kwanza nililofanya ni kuondoa matawi yote ya chini ambayo mtoto anaweza kuyafikia, shina likawa tupu hadi juu ya kichwa cha mtu mzima. La pili, kengele ya baiskeli nikaifunga kwenye nguzo ya baraza: zambarau zikiwa nyingi naigonga, watoto wanakuja na bakuli, nami natandaza vipande vya vitenge vya zamani chini, natikisa kwa ufito mrefu wenye ndoana. Wakisikia kengele wanajua watapata bila kupanda. Sasa wanaanza kuniita mapema: "Shikamoo bibi, leo hugongi?"

Kupogolea nako kuna namna yake. Fundi wa kwanza aliyekuja alitaka kuukata kichwa wote ubaki kisiki, "utachipua tu," akaniambia. Utachipua kweli, lakini machipukizi yanayotoka kwenye kisiki hushikilia gome la nje tu, na yakinenepa ndiyo yatakayoanguka kwanza. Nikamtafuta mwingine. Huyu aliondoa kama robo ya matawi, akangoja mwaka, akaondoa tena. Kwa tawi zito alikata kwanza kwa chini, kidogo, mbali na shina. Kisha akakata kwa juu, likaanguka bila kuchana gome. Kisha kile kibaki akakikata karibu na shina, nje kidogo ya ule uvimbe ambao tawi linaanzia. Uvimbe huo usiuguse. Humo ndimo gome jipya linapoanzia kufunika kidonda. Tunafanya hivi baada ya matunda kwisha, kabla masika hayajashika.

Mvua kubwa za El Niño mwishoni mwa 2023 zilishusha tawi moja tulilokuwa tumelipangia mwaka uliofuata. Lilivunja bati mbili. Kwa hiyo Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipoanza kutangaza kimbunga Hidaya, matawi ya upande wa nyumba yalikuwa yameshakatwa yote. Nililala macho usiku ule nikiusikiliza. Asubuhi uani kulikuwa na majani na vijiti tu.

Mambo mawili ya matunda yenyewe, kwa sababu naulizwa sana. Funza ndani ya zambarau ni watoto wa inzi wa matunda. Dawa yangu ni ufagio: zilizoanguka naziokota kila asubuhi, mbovu zinaingia kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko siku kadhaa, kisha nazifukia kina cha futi mbili. Ukiziacha chini, funza hutoka, huingia udongoni, na hurudi akiwa na mabawa. Tangu nianze, funza wamepungua, hawajaisha.

La pili ni mbegu kwa ajili ya kisukari. Watu huja kuomba, hukausha, husaga, hunywa; ni tiba ya asili ya zamani hasa huko India. Mimi nawapa mbegu, lakini dada yangu mkubwa ana kisukari na najua kinavyoweza kumwangusha mtu. Kwa hiyo anayenijia namwomba aendelee na dawa zake za kliniki na amwambie daktari anachokunywa. Mmoja alinikasirikia. Nilimpa mbegu, na nikarudia yaleyale.

Mwaka huu mdogo wangu amepata kiwanja Kisemvule na ameniomba mche. Ninao mitatu kivulini. Jumapili nilikwenda naye, akasimama mlangoni pa msingi akanionyesha kwa kidole mahali anapotaka: palepale, karibu, ili kivuli kiangukie dirisha la sebule. Nikatoa tepu yangu ya kushonea. Ina sentimita 150. Nikamwambia ashike ncha ukutani, nikaanza kuhesabu: tepu moja, mbili, tatu. Kwenye ya tatu alisema, "Dada, inatosha." Nikaendelea. Kwenye ya sita nikaweka jiwe.

Alilitazama lile jiwe kule mbali, akasema kivuli hakitamfikia hata miaka kumi. Nikamwambia kitamfikia, jua la alasiri litakapoinama. Kisha tukaanza kuchimba.